Kijito Kilichoruka na Joho Moja

Kaeni basi, na mwenye kikohozi akohoe sasa, maana nikishaanza sirudi nyuma kumwokota mtu. Hadithi hii ina kesi ndani yake, na kesi haisikilizwi kwa sikio moja. Mwisho wake nitawauliza swali. Sitaki kuambiwa "sijui." Asiyejua ni aliyesinzia.

Juu kabisa ya milima ya Upare, mahali ambapo mawingu hupumzika kabla ya kuendelea na safari yao, palikuwa na chuo cha sheria. Jina lake lilikuwa refu na la heshima, limechongwa kwenye ubao wa mninga, lakini ukungu ulishazilamba herufi zote, kwa hiyo watu walikiita Mawinguni, basi. Ukungu uliingia darasani kama mwanafunzi aliyechelewa, ukakaa nyuma, ukasikiliza, ukaondoka bila kuaga. Wazee wa mlimani walisema ndiyo sababu mvua ya kule hainyeshi ovyo. Imesoma.

Chuoni hapo walikuwapo vijana watatu wa mwaka wa mwisho, waliokula sinia moja.

Wa kwanza aliitwa Eliamini, na kipaji chake kilikuwa kumbukumbu. Neno likiingia sikioni mwake halikutoka tena. Lilikaa humo kama msumari kwenye mti mbichi, mti unakua, unaumeza. Walimu walimwogopa kidogo. Ukisema hili Jumatatu na ukasema lile Ijumaa, Eliamini hakukubishia. Alikutazama tu, nawe ukajua umenaswa.

Wa pili aliitwa Namsifu, binti mwembamba wa sauti ya chini, na kipaji chake kilikuwa kuuliza. Wengine huuliza kama mtu anayegonga mlango kwa ngumi. Yeye aliuliza kama mtu anayefungua dirisha. Ulijikuta umeshajibu, na ulichojibu hukujua kama ulikuwa nacho.

Wa tatu aliitwa Togolani, na kipaji chake kilikuwa ulimi. Wenzake walisema, "Togolani akiwatetea mbwa, paka wataomba radhi." Angeweza kumtetea mwizi mbele ya aliyeibiwa, na aliyeibiwa akampa mwizi nauli ya kurudi kwao.

Sasa sikilizeni desturi ya Mawinguni, maana bila hiyo hamtaelewa kitu, mtabaki kuulizana.

Majoho ya wanafunzi yalikuwa na pande mbili, nje meusi na ndani mekundu. Katika Korti ya Mazoezi, mwanafunzi alianza kumtetea mtu mmoja akiwa amevaa weusi kwa nje. Kengele ikilia, hata kama yuko katikati ya neno, alivua joho, akaligeuza, akavaa wekundu, na kuanzia hapo akawa wakili wa yule aliyekuwa akimpinga. Waasisi wa chuo walisema: asiyeweza kumtetea adui yake hajamwelewa mteja wake. Mwaka wa kwanza wanafunzi hulia kengele ikilia. Mwaka wa pili hucheka. Mwaka wa mwisho hawajui tena kama wamegeuka, mikono inageuka yenyewe.

Lakini korti ile haikuwa ya mchezo siku zote. Korti ya serikali iko chini tambarare, kwenye joto na foleni, na ukifika unaambiwa urudi wiki ijayo. Kwa hiyo watu wa mlimani wakikosana walipanda Mawinguni, wakashikana mikono mbele ya Mwalimu kwamba watakachoamuliwa watakifuata, na wakakifuata. Siku ya watu wa kweli hakuna kugeuza joho. Ulimi wa kengele ulifungwa kitambaa tangu asubuhi. Shamba la mtu si somo.

Aliyekuwa akiketi kitini kusikiliza mashauri hayo ni Mwalimu Mfinanga, aliyefundisha sheria za ardhi na mila tangu nywele zake zilipokuwa nyeusi. Macho yake yalianza kuchoka. Alitaka kushuka akapumzike kwa binti yake. Na pale Mawinguni mwalimu hachagui mrithi wake, wala wakubwa wa chuo hawamchagui. Walisema, "Mwalimu hupenda, mteja hupima." Shauri la mwisho la watu wa kweli atakalolisikiliza mwalimu, mteja atakayeshinda ndiye hulichukua joho la mwalimu na kumvika mmoja wa mawakili wake. Aliyevikwa hubaki kufundisha. Joho ni moja na mabega ni ya mtu mmoja. Mteja asipovika mtu mpaka ukungu wa siku ile upande na kuondoka, joho hurudi sandukuni, na somo lile hufa chuoni. Yalishakufa masomo mawili hivyo, na hakuna aliyeyafufua.

Haya. Sasa tumfuate mteja wa shauri la mwisho la Mwalimu Mfinanga.

Bi Naelijwa alikuwa mkulima wa tangawizi. Mjane, mwenye mikono mikavu na ulimi usio na mapambo. Nyumba yake ilisimama kwenye mteremko. Nyuma ya nyumba palikuwa na shamba lake la tangawizi, na baada ya shamba kilipita kijito. Ng'ambo ya kijito aliishi jirani yake, Bwana Mgonja. Tangu enzi za baba wa baba zao, mpaka ulikuwa kijito. Kila mtu alijua, hata kuku.

Tangu alipoolewa, Bi Naelijwa alilala kitanda kile kile, kichwa upande ule ule, na kijito kikimwimbia kwa mbali. Alikuwa haoti ndoto isiyo na maji. Akiota harusi, bibi harusi amelowa. Akiota marehemu mumewe, mumewe anavuka mahali, suruali ameikunja mpaka magotini, anacheka.

Halafu masika moja jabali lilibomoka huko juu, na maji yakaacha njia yao ya zamani. Yakaja kupita karibu kabisa na nyumba ya Bi Naelijwa, chini ya upenu wa jiko. Shamba la tangawizi likajikuta ng'ambo.

Bwana Mgonja akaja na heshima zake zote, akavua kofia.

"Shemeji," alisema, maana ndivyo walivyoitana, "mpaka ni kijito."

"Ni kijito," Bi Naelijwa alisema.

"Na kijito kile pale, jikoni kwako."

"Nakiona. Kinanilowesha kuni."

"Basi tangawizi iko upande wangu."

Bi Naelijwa aliokota mwiko. Bwana Mgonja alivaa kofia.

Msimcheke. Bila shamba lile asingekuwa na cha kumweka mlimani. Angeshuka tambarare akaishi kwa mkwewe, akae kwenye kiti cha plastiki uani, aulizwe kila asubuhi kama amelala vizuri, na ajibu uongo. Yeye hakuwa mtu wa uongo. Alijifunga kanga, akapanda Mawinguni.

Vijana watatu walimpokea mlangoni.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Nyie ndio mawakili wangu? Mbona mmekonda hivyo? Chuo hakiwalishi?"

"Kinatulisha makande, Bibi," Togolani alisema. "Ila mpishi wetu anapenda kengele kuliko chumvi."

Bi Naelijwa hakucheka. Alimwendea Mwalimu Mfinanga moja kwa moja.

"Mwalimu, mimi sipendi mambo ya leo-kesho. Hukumu ni kama uji, ukiucheleweshea mdomo unaganda. Kuamua kuna ugumu gani? Unatazama, unaona, unasema."

Mwalimu alipangusa miwani yake kwa pindo la joho. "Haya, mama. Siku moja utaniambia."

Siku ya shauri ukungu ulikuwa mzito kuliko ulivyowahi kuonekana. Uliingia madirishani ukajaza ukumbi kama maziwa yanayomiminwa kwenye kibuyu. Bi Naelijwa aliketi benchi la mbele na hakumwona Mwalimu, aliona miwani yake tu, vioo viwili vikielea juu. Sauti za watu zilikuja bila midomo. Alijihisi kama yumo ndani ya usingizi wake mwenyewe, na kwa muda akasubiri mumewe avuke na suruali iliyokunjwa.

Bwana Mgonja alikuwa amekataa wakili. "Sihitaji kijana wa kunisemea," alisema. "Kijito kinajisemea." Akasimama, akaeleza kwa kifupi. Mpaka ni kijito, wote wanakubali. Kijito kiko jikoni kwa Bi Naelijwa, wote wanaona, au wangeona kama si ukungu. "Jirani yangu ni mtu mwema na tangawizi yake inawasha mpaka kesho. Lakini mpaka ni mpaka." Akaketi.

Ukumbi ulinong'ona. Walimu wengine waliokuja kusikiliza walinong'ona pia, na walikuwa wakisema: limekwisha hilo. Mpaka ni kijito, mwenye macho haambiwi tazama. Bi Naelijwa aliusikia mnong'ono ule ukimzunguka, na moyo wake ukashuka mpaka tambarare, ukakaa kwenye kiti cha plastiki.

Hapo Eliamini alisimama.

"Mwalimu," alisema, "uliwahi kutufundisha kwamba maji yakisogea polepole, unyayo baada ya unyayo, kama mgeni mwenye adabu, mpaka huyafuata. Lakini maji yakiruka ghafla yakaacha njia yao, mpaka hauruki nayo. Unabaki palepale yalipokuwa, hata pakikauka."

Miwani ilitikisika huko juu. "Nilisema hivyo? Lini?"

"Mwaka wetu wa kwanza. Ulikuwa umeinama unatafuta chaki chini ya meza. Ulisema mara moja tu, na ulisema kwa meza."

Mwalimu mmoja alikohoa. Mwalimu Mfinanga alikuwa kama mtu aliyeletewa shati lake la ujana na kuona bado linamtosha.

"Ni kweli," alisema. "Ndiyo sheria. Nilikuwa nimeshaisahau mimi mwenyewe. Basi shauri hili limebaki swali moja tu. Kijito kilitambaa, au kiliruka?"

Bwana Mgonja hakuwa mjinga. "Kilitambaa," alisema upesi. "Mvua baada ya mvua. Kilikuwa kinatambaa toka zamani, ila watu hawatazami."

Ndipo Namsifu alipokuja akachuchumaa mbele ya Bi Naelijwa, karibu kabisa, ili waonane ndani ya weupe ule. Hakuuliza juu ya jabali wala juu ya mvua.

"Bibi," alisema, "ukilala, kijito ulikuwa unakisikia upande gani?"

Bi Naelijwa alifungua mdomo amjibu kwa ukali, maana swali lilionekana la kitoto. Lakini sauti iliyotoka haikuwa kali.

"Kushoto," alisema. "Kwa mbali. Upande wa moyo. Miaka yote, kushoto." Akavuta kanga. "Halafu asubuhi moja nikaamka nikakisikia miguuni. Karibu. Nikadhani nimelala kichwa chini miguu juu. Nikadhani nimekufa, wamenigeuza. Nikapapasa mto wa kichwa, upo. Nikawaza, ni mimi niliyegeuka au ni dunia?"

"Asubuhi moja?" Namsifu aliuliza.

"Jioni kilikuwa kushoto. Asubuhi kilikuwa miguuni. Tangu siku hiyo sijamwota mume wangu. Nadhani hajui pa kuvukia."

Ukumbi ulitulia hata matone yaliyodondoka kutoka kwenye dari yakasikika. Ilikuwa asubuhi ile ile sasa, kila mtu alikuwa amelala kitandani mwa Bi Naelijwa akisikiliza maji mahali pasipo pake.

"Ndoto!" Bwana Mgonja alifoka kutoka ukunguni. "Mwalimu, nitanyang'anywa ardhi kwa ndoto za shemeji yangu?"

"Nani anaota?" Bi Naelijwa alimrukia. "Wewe unayekoroma mpaka mbuzi wako hawalali!"

"Kimya," Mwalimu alisema. "Mama, nimekusikia, na mimi nakuamini. Lakini neno la mwenye shauri ni mguu mmoja, na shauri husimama kwa miwili. Ushahidi wako peke yake hautoshi. Wakili wa mwisho aseme, kisha nitaamua."

Bi Naelijwa alielewa maana yake. Maana yake ni tambarare.

Togolani alisimama kumtetea, joho jeusi limetulia mabegani. Akaanza vizuri. Alizungumza juu ya jasho, juu ya mizizi ya tangawizi inavyoshikana mikono chini ya udongo, na Bi Naelijwa alianza kuwaza kwamba kijana huyu mwembamba huenda...

Kengele ikalia.

Mpishi wa Mawinguni, mtu wa misimamo, alikuwa ameona maharage yameiva na mahindi yameiva. Alijua kabisa kwamba siku ya watu wa kweli kengele hailii. Lakini yeye alisema, na bado anasema mpaka leo, "Sheria nazijua. Makande hayazijui." Akafungua kitambaa, akapiga kuitia chakula.

Na Togolani, katikati ya neno, akavua joho, akaligeuza, akavaa wekundu.

"...kwa hiyo mheshimiwa," aliendelea bila kuvuta pumzi, "tumtazame Bwana Mgonja."

Bi Naelijwa hakuyaamini masikio yake. Mwalimu aliinua mkono kumzuia, lakini ukungu uliumeza mkono. Togolani hakuuona. Hakumwona Namsifu akimpungia, hakumwona Eliamini aliyeshika kichwa. Alisikia kengele tu, na baada ya kengele alijisikia mwenyewe.

"Nani amemhurumia Bwana Mgonja?" alisema, na sauti yake ikawa tamu kama usingizi wa mchana. "Mmehurumia masikio ya mama. Na mikono ya baba huyu? Fikirini asubuhi ile. Anaamka. Anachukua ndoo yake, kama baba yake alivyochukua ndoo yake. Anashuka njia ile ile, nyayo zake zinaijua. Anainama achote. Na hakuna maji! Kijito kilichomlea kimemwacha, kama mke aliyefunga mzigo bila neno. Matope matupu. Anasimama pale na ndoo, mtu mzima, na ndoo haina kitu..."

"Haikuwa tupu!" Bwana Mgonja alilia kwa sauti. Alikuwa amesimama. Hakuna mtu aliyewahi kumsemea hivyo, hata mkewe. "Sema yote, kijana! Sema na samaki! Kambare walikuwa wanarukaruka kwenye matope, wazima! Nilikwenda na ndoo kuchota maji nikarudi na ndoo ya samaki! Ee, mwanangu, wewe ulikuwa wapi siku zote?"

Vioo viwili vya miwani viliinama.

"Bwana Mgonja," sauti ya Mwalimu ilishuka polepole kutoka juu, "hebu rudia."

"Nilirudi na ndoo ya..." Bwana Mgonja alianza. Kisha akasikia alichosema. Kambare hawasubiri kijito kinachotambaa, wanatambaa nacho. Ni kijito kilichoruka tu ndicho huacha samaki wakirukaruka.

Alivua kofia yake ndani ya ukungu. Angeweza kusema ameota. Hakusema, na kwa hilo mimi namheshimu.

"Nimesema, nimesema," alisema. "Sirambi nilichokitema. Kiliruka."

Hivyo ndivyo Bi Naelijwa alivyoshinda. Mpaka ukabaki pale kijito kilipokuwa zamani, na tangawizi ikabaki yake. Bwana Mgonja alimpa mkono.

"Shemeji, samaki walikuwa watamu."

"Nusu yao walikuwa wangu," Bi Naelijwa alisema. "Mpaka ni katikati ya kijito."

Mngedhani imekwisha. Hii ndiyo inaanza.

Mwalimu Mfinanga alishuka kitini, akavua joho lake, akaliweka mikononi mwa Bi Naelijwa. Lilikuwa zito kuliko alivyofikiri, limenyonya ukungu wa miaka.

"Mama, wewe si mtu wa leo-kesho," Mwalimu alisema. "Tazama, ona, useme."

"Nitasema sasa hivi," alisema Bi Naelijwa, akageuka. Vijana watatu walisimama mbele yake. Togolani alikuwa bado amevaa wekundu, na sasa alijua alichofanya. Uso wake ulikuwa kama wa mtoto aliyevunja mtungi na kukuta ndani mlikuwa na nyoka.

"Wewe," Bi Naelijwa alimwambia, "ulinigeuka makusudi?"

"Bibi, nikisema ndiyo nitakuwa mwongo. Kengele ililia, mikono ikageuka. Lakini nikisema sikuwa nasikia ninachosema, hapo pia nitakuwa mwongo. Ile asubuhi niliichukua kwa Namsifu. Alipokuuliza, niliiona asubuhi yako nzima. Nikaanza kuwaza na ya Bwana Mgonja ilikuwaje."

"Mwalimu, waseme kila mmoja kwa nini apewe yeye," mwalimu mmoja alipendekeza.

"Hapa ni Mawinguni," alisema Mwalimu Mfinanga. "Geuzeni majoho. Kila mmoja amtetee mwenzake."

Eliamini ndiye aliyetangulia, na alimtetea Namsifu. "Mimi nilileta sheria," alisema, "lakini sheria bila jambo la kweli ni ndoo bila maji. Yeye aliuliza jambo ambalo hakuna kitabu kinachouliza. Mkitaka wanafunzi wajue mtu analalaje kabla ya kujua ardhi yake inapimwaje, mpeni yeye. Kukumbuka kunaweza kufanywa na rafu ya vitabu."

Namsifu alimtetea Togolani. Aliuliza tu, kwa kawaida yake. "Bibi, kama angebaki na weusi mpaka mwisho, mwaminifu kwako, ungekuwa wapi jioni hii? Sisi wawili tulisimama upande wako tukashindwa. Je, si yeye peke yake aliyekwenda kukaa moyoni mwa jirani yako, akakuta samaki humo?"

Bi Naelijwa aliguna. "Alikwenda bila kuniaga."

"Ndiyo," Namsifu alisema. "Alikwenda bila kukuaga."

Togolani alimtetea Eliamini, na kwa mara ya kwanza maneno yake yalikuwa machache. "Kabla yake hapakuwa na kesi. Mimi na Namsifu tulipita mlangoni, yeye ndiye aliyejua kwamba ukutani kuna mlango. Sheria ilikuwa imeshakufa hata kinywani mwa aliyeifundisha. Mwalimu ni nani, kama si yule ambaye jambo halifi kwake? Na mimi msinipe, jamani. Nimepata kwa bahati. Anayefundisha bahati ni mganga."

Bi Naelijwa alisimama na joho mikononi. Alipiga hatua kuelekea kwa Eliamini, akalikunjua. Kisha akakumbuka kwamba ukumbi mzima ulinyamaza siyo kwa sheria bali kwa sikio lake, na akaenda kwa Namsifu. Karibu na bega la Namsifu akamsikia tena moyoni mwake Mwalimu akisema, neno lako ni mguu mmoja, na akaona kwamba bila mguu wa pili swali lile zuri lingemwacha na machozi mazuri, basi. Akamgeukia Togolani. Akamwona na wekundu wake, akakumbuka baridi iliyompita alipomsikia akisema tumtazame Bwana Mgonja, na mikono yake ikagoma kuinuka.

Ukungu ulianza kupanda. Miguu ya mabenchi ilionekana, kisha magoti ya watu, kisha mikono. Mwanga ulikuwa unachungulia madirishani.

"Mama," alisema Mwalimu, bila kucheka, "uji unaganda."

"Nyamaza, Mwalimu," Bi Naelijwa alisema taratibu. "Kumbe huko juu kitini mnabeba hivi?"

Akafumba macho kama mtu anayelala, akainamisha kichwa, akisikiliza. Kwa mbali, upande wa kushoto, alidhani anasikia maji.

Hapo ndipo ninapomwacha, jamani, amefumba macho na joho limelowa mikononi. Msinifokee. Mimi nimewaletea kesi nzima, sikuficha kitu wala sikuongeza. Mmoja alikumbuka kile ambacho kila mtu alikisahau. Mmoja aliuliza kile ambacho hakuna aliyekifikiria. Mmoja alimgeuka mteja wake, na kwa kumgeuka akamwokoa. Ukimtoa yeyote kati yao, tangawizi imekwenda. Na usiniambie wagawane. Joho ukilikata ni matambara, na ukungu hausubiri mshona nguo.

Basi wewe hapo, uliyekuwa unatikisa kichwa muda wote kana kwamba unajua, nyoosha mikono upokee. Zito, eeh? Sasa tuambie: ungelivika bega la nani?